Hodi ya Tatu

"Fumba macho."

"Nimefumba."

"Umefumba kweli, au unachungulia kama jana?"

Sabra akacheka, akazibana kope. Alikuwa amekaa mkekani, miguu kainyoosha, mikono kaiweka mapajani kama mtoto anayesikilizwa sura chuoni. Nyayo za mumewe zilitoka jikoni, zikaja zikasimama mbele yake.

"Hii nini?"

"Iliki."

"Na hii?"

"Mdalasini. Hata jana ulinipa huo huo."

"Na hii je?"

Akavuta pumzi. Hapakuwa na kiungo. Palikuwa na sabuni ya mche, na chini ya ile sabuni, mbali kabisa, harufu ya ngano iliyoungua kidogo. Harufu hiyo ilimganda Nasri miaka kumi na tano, na miezi mitatu ya kuoga ilikuwa haijaitoa.

"Huo mkono wako," alisema. "Umeishiwa viungo, sasa unanitahini kwa mkono."

"Umefaulu," Nasri akajibu, na mkono wenyewe haukuwa na haraka ya kuondoka.

Hivyo ndivyo walivyoianza siku ya kumi na mbili.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Ngamiani yote, kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya mwisho, kila mlango ulikuwa na ndoo yake yenye bomba na kipande cha sabuni juu yake. Kliniki ya uzazi kule Raskazoni, iliyokuwa imefunga kwa miezi mingi, ilikuwa imefungua tena, lakini kwa masharti. Siku kumi na nne kabla ya kuvunwa mayai, mume na mke wakae ndani. Mtu asiingie kwao, nao wasiende harusini wala mazikoni. Mmoja wao akipata homa, au akikaa na mtu anayekohoa, kazi yote inavunjwa. Dawa iliyokwisha kuingia mwilini hairudi chupani, na pesa ya kununua nyingine Sabra na Nasri hawakuwa nayo, maana kiwanja chao cha Pongwe kilikuwa kimeshakwenda na hizi.

Saa mbili kamili simu ililia. Alikuwa nesi Ritha wa kliniki, sauti yake nyembamba na ya kuchangamka.

"Habari za asubuhi, Sabra? Homa?"

"Hatuna."

"Kikohozi?"

"Hatuna."

"Harufu mnasikia?"

Sabra akamtupia jicho mumewe. "Tunasikia. Mpaka za mikono."

"Eh?"

"Mambo ya nyumbani, dada. Nikuulize kitu?"

"Uliza, maana najua usipouliza hutalala."

"Hayo mayai yangu, mtakapoyatoa keshokutwa, yataonekana kwa macho?"

"Kwa shida. Kila moja lichukulie kama chembe ya mchanga laini wa ufukweni."

"Na mtayajuaje yaliyo hai?"

"Tunayatazama kwa darubini. Tunayakutanisha na ya baba, halafu tunangoja."

"Mnangoja mkifanya nini?"

Ritha alicheka. "Mimi huwa nasali, dada Sabra. Daktari Nehemia hunywa chai. Leo sindano ya mwisho, saa ile ile niliyokuandikia. Na mtu asiingie humo ndani. Zimebaki siku mbili."

Sabra aliikata simu, akabaki ameishika. Chembe ya mchanga. Angekuwa na uwezo angeingia mwenyewe kwenye hiyo darubini akaangalie. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kutaka kujua. Alipasua hata kitovu cha nazi kutazama chipukizi limelalaje. Miaka tisa ya ndoa, na hakuna jambo alilotaka kulijua kuliko hili: je, mtoto wake na Nasri angekuwa na uso wa namna gani?

Kuna jambo jingine pia alilokuwa akijiuliza, ila hilo hakulitamka. Alijiuliza siku gani Nasri atamwambia mama yake ukweli.

Maana ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Miaka minne nyuma walipimwa wote wawili, na karatasi ya Sabra ilirudi safi. Ya Nasri haikurudi safi. Usiku ule mwanamume yule, mrefu, mwenye mikono ya kukanda gunia zima la ngano, aliweka kichwa kwenye mapaja ya mkewe akalia bila sauti. Sabra akamfuta kwa upande wa kanga akasema, "Hili ni la mimi na wewe." Alilisema kwa mapenzi, na hakulijutia. Lakini tangu siku hiyo ukweni Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, aliitwa mgumba, naye akanyamaza. Akaletewa dawa za mizizi akazinywa, naye akanyamaza.

Kisha wakampata daktari Nehemia. Yeye hakuanza na dawa, alianza na maswali. "Bwana Nasri, unafanya kazi gani?"

"Mwoka mikate."

"Unasimama umbali gani na mdomo wa tanuri?"

"Hatua moja. Tangu nina miaka ishirini na miwili."

Daktari akaweka kalamu chini. Akawaeleza kwamba mbegu ya mwanamume haipendi joto, na kwamba tanuri huenda limekuwa likimpunguza siku hadi siku, yeye mwenyewe hana habari. Akamwambia akae mbali nalo miezi mitatu kisha apimwe tena. Nasri, fundi mkuu wa tanuri, akashuka akawa anauza mikate kwa baiskeli mtaani. Watu walimcheka. Miezi mitatu ilipotimia karatasi ilirudi na sura nyingine. Mbegu hazikutosha kwa njia ya kawaida, ila zilitosha kwa kazi ya kliniki. Wakamwendea shekhe wa msikiti wao. Akawauliza mbegu ni ya mume? Yai ni la mke? Na ndoa ipo hai? Wakasema ndiyo. "Basi tafuteni," akawaambia. "Mtoaji ni Mungu."

Sabra alikuwa anazitoa punje za iliki mkekani aliposikia sauti nje.

"Hodi!"

Mkono wake ukasimama. Ile sauti aliijua kabla haijamaliza neno.

"Mama," Nasri alinong'ona, macho yamemtoka. "Mama yangu!"

"Hodi wenyewe!"

Wakatazamana. Nasri alikuwa na singlendi na msuli, nywele hazijachanwa. Aliweka kidole mdomoni, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kivuli cha ukumbi, akajibanza kando ya kabati la vyombo. Sabra akamwangalia kwa mshangao. Mwanamume wa miaka thelathini na saba amejificha nyuma ya sahani! Akajifunga ushungi, akavaa barakoa, akaenda. Hakuufungua mlango. Alifungua dirisha.

Bi Mwatumu alikuwa amesimama barazani na kikapu chake cha ukindu, majani ya mchaichai na mwarobaini yamechomoza juu. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye kusimama kana kwamba ardhi ni yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona dirishani? Mlango umeliwa na mchwa?"

"Hapana, mama. Za Bweni?"

"Za Bweni njema, shari ni kidogo. Nimevuka kivuko cha kwanza. Nimetokea matangani, mume wa Bi Tatu tumemzika juzi. Kifua kilimbana siku tatu, ya nne hayupo. Nimekaa na mjane ndani siku mbili, nikasema sasa nikawaone wanangu, niwafukize kwa haya majani. Haya, fungua, miguu inaniuma."

Sabra alisikia maneno matatu tu kati ya yote yale: kifua, matangani, siku mbili. Akashika nondo za dirisha.

"Mama, pole sana kwa msiba. Mkeka uko hapo barazani. Kaa upumzike."

Bi Mwatumu alimtazama. Alitazama mkeka. Akamtazama tena.

"Nikae barazani?"

"Naomba, mama."

"Miaka tisa nakuja katika nyumba hii. Barazani anakaa muuza kahawa. Mimi ndiye niliyemzaa mwenye nyumba!"

Akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha vumbi la njiani au cha hasira, Mungu ndiye ajuaye. Lakini Sabra, bila kutaka, alirudi hatua moja nyuma, na Bi Mwatumu akaiona ile hatua. Uso wake ukanywea kama uso wa mtoto aliyenyimwa.

"Unanikimbia, Sabra?"

"Si hivyo, mama, wallahi si hivyo."

"Basi ni vipi? Niambie. Nimesikia mpaka Bweni kwamba nyumba ya mwanangu haina mtu anayeingia wala kutoka. Nimesikia mwanangu kaacha tanuri, fundi mzima, anazungusha baiskeli kama mtoto aliyefukuzwa shule. Nasema labda ni uongo wa watu, ngoja nije nione kwa macho yangu. Nasri yuko wapi?"

"Nasri mzima, mama, alhamdulillahi."

"Sikukuuliza hali. Nimekuuliza yuko wapi."

Sabra hakuwa mtu wa kusema uongo, wala hakuwa tayari kumfichua mumewe. Akainamisha kichwa. Kwa pembe ya jicho aliiona singlendi nyeupe kando ya kabati, ikipanda na kushuka.

Bi Mwatumu alikuwa amesogea kwenye nondo. Macho yake ya utu uzima, yaliyokuwa bado makali, yalimpita Sabra begani yakaingia ndani, yakazunguka chumba yakatua mezani. Juu ya sinia palikuwa na chupa ndogo ya dawa, pamba, na bomba la sindano ndani ya karatasi yake.

"Kile nini?"

Sabra akasogea kuziba dirisha kwa bega.

"Nimekuuliza, kile nini? Sindano ile! Nani mgonjwa humu?"

"Hakuna mgonjwa."

"Hakuna mgonjwa na sindano ipo." Sauti yake ilishuka, na kushuka kwake kukawa kubaya kuliko kelele. "Ahaa. Sasa nimeelewa. Mabinti wa mjini wanadungwa za kuzuia mimba, nimewasikia. Miaka tisa mimi nakuletea mizizi, nakuombea kila swala, kumbe wewe unajifunga kizazi mwenyewe?"

"Mama!"

"Usiniite mama! Mwanangu wa pekee. Sina mwingine. Mzee Jumbe ana binti amekaa pale anangoja neno langu tu, nami kila mwaka nasema tumpe Sabra muda, Sabra mtoto mzuri, Sabra ana adabu. Kumbe adabu yenyewe ndiyo hii ya kuzungumza na mimi kupitia nondo, kama mahabusu!"

Machozi yalimjia Sabra. Neno moja tu lingemtoa. Neno moja, na miaka minne ya kuitwa mgumba ingeanguka chini pale barazani. Lilikuwa mdomoni, lina uzito wake na ladha yake. Akageuza uso akamtazama Nasri.

Nasri alikuwa anamtazama yeye. Kidole hakikuwa tena mdomoni. Mikono ile mikubwa ilining'inia tu, haina kazi. Sabra aliwahi kumwona mumewe amechoka, amekasirika, amelia, lakini sura hii hakuwahi kuiona, na hata ndani ya machungu yake akajikuta anaichungulia: huyu anafikiri nini sasa hivi? Atanyamaza tena? Na akinyamaza, nitaweza kumpenda kesho kama nilivyompenda leo asubuhi, alipoweka mkono wake chini ya pua yangu?

Akarudisha uso dirishani.

"Mama," alisema, "kunitukana una haki, wewe ni mzazi. Siwezi kufungua mlango. Nakuomba unisamehe. Hiyo sindano siyo ya unachokifikiri. Zaidi ya hapo sina la kusema, maana la kusema si langu peke yangu."

Bi Mwatumu aliinama akakiokota kikapu. Majani ya mchaichai yalikuwa yamenyauka kwa jua la njiani.

"Nimepiga hodi mbili," alisema taratibu. "Dini imeniwekea tatu. Ukipiga ya tatu usikaribishwe, unarudi ulikotoka. Ya tatu bado ninayo, Sabra. Nikiipiga sasa nawe usinifungulie, nitakwenda, na wallahi sitaivuka tena njia ya nyumba hii. Sitakuja kwa ugonjwa, sitakuja kwa kifo. Na mwanangu nitamwozesha kabla ya mfungo."

Akainua uso. Akavuta pumzi.

"Usiipige, mama!"

Nasri alitoka kivulini kwa kishindo, akaangusha vifuniko viwili vya sufuria. Alifika dirishani bila barakoa. Sabra alimsukuma kifuani kwa kiganja, akaivua kanga yake ya mabegani akamziba nayo pua na mdomo. Nasri akaishika hivyo hivyo, amejitanda kanga ya mkewe kama bibi harusi.

Bi Mwatumu alipigwa na butwaa. "Kumbe umo?"

"Nimo, mama. Shikamoo."

"Umo ndani muda wote huu, unamsikiliza mama yako anavyoungua juani?"

"Nimo, na nimejificha nyuma ya kabati. Nimejificha miaka minne, mama." Akamwonyesha Sabra kwa kidole. "Huyu hana kasoro. Mwenye kasoro ni mimi."

Mtaa ulikuwa na kelele zake, kengele ya baiskeli, kuku wa jirani.

"Rudia," mama yake alisema.

"Tulipimwa wote. Yeye mzima. Mimi mbegu zangu ni chache, mama. Yeye kanifichia. Mizizi yote uliyoileta amekunywa kwa ajili ya ugonjwa ambao hana. Ile sindano ni ya kukuza mayai, si ya kuzuia. Keshokutwa yanavunwa, yanakutanishwa na yangu kwa madaktari, na Mungu akipenda atawekewa mtoto. Lakini akipata homa hata kidogo, basi. Ndiyo maana hakufungua. Hakukukimbia wewe. Anamkimbilia mjukuu wako."

Bi Mwatumu alikaa. Alikaa pale pale kwenye mkeka wa baraza aliokuwa ameukataa, kikapu mapajani. Akasema, "Nani kakwambia uache tanuri?"

"Daktari. Anasema joto ndilo lililonimaliza."

"Joto?"

"Joto la tanuri, mama. Linaua mbegu za mwanamume, kidogo kidogo."

Mwanamke yule aliuziba mdomo kwa upande wa buibui. Mabega yalianza kumtikisika. Sabra alidhani analia, akasogea nondoni, kisha akaona kwamba ni kilio na kicheko vimeshikana, hajui kipi kimemtangulia mwenzake.

"Marehemu baba yako," alisema, "alikuwa mchoma chokaa."

"Najua, mama."

"Hujui! Kaa kimya nikwambie. Alishinda kwenye tanuri la chokaa mchana kutwa, akirudi nyumbani mwili unachoma kama chapati. Miaka saba, Nasri. Miaka saba sikupata hata mimba ya kuharibika. Bibi yako alikuwa ananiita gome la mti, mbele za watu. Alikuwa ameshamtafutia baba yako mke mwingine. Halafu jiwe likamwangukia mguu, ukavunjika, akakaa nyumbani mwaka mzima hajakaribia tanuri. Ndipo ukaja wewe." Akajipangusa. "Aliporudi kwenye chokaa, sikupata mwingine. Nami miaka yote hii nasema ni dua za mwanamke mwenye mume mgonjwa. Kumbe ni ule mguu!"

Nasri alicheka ndani ya kanga, macho yamejaa maji. Sabra naye akacheka, na kucheka kule kulimuuma tumboni, mahali mayai yalipokuwa yanajaa.

Kisha Bi Mwatumu alimtazama Sabra kupitia nondo, muda mrefu, kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Na mimi nimekuwa yule yule," alisema. "Nilimchukia bibi yake Nasri mpaka tulipomfukia. Na mimi nimekuwa yeye. Sabra. Ungenijibu tu."

"Halikuwa langu peke yangu, mama."

"Hata nilipokuita mjifunga kizazi?"

"Hata hapo."

Bi Mwatumu alitikisa kichwa, akafungua kikapu, akakifunga tena. Halafu akasogea ukingoni mwa baraza, mbali na dirisha, akakaa upya, na sasa uso wake ulikuwa na kitu kingine. Sabra alikitambua mara moja, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa nacho.

"Hayo mayai, yanatolewa kwa kitu gani?"

"Kwa sindano ndefu, mama. Nitakuwa nimelazwa usingizi."

"Subhanallah. Na huyu? Yake inatolewaje?"

Nasri akainamisha macho. "Kuna kikopo, mama. Sababu ya korona hawataki waume waingie ndani, kwa hiyo natakiwa nitayarishe hapa nyumbani, kisha nikifikishe upesi, kikiwa kimekaa kwapani kisipoe..."

"Basi! Basi, astaghfirullah, nimesikia inatosha!" Akajifunika uso wote. Kisha kutoka ndani ya buibui: "Ukiweke kwapa gani?"

"Lolote, mama."

"Liwe la kulia."

Hakurudi Bweni siku ile. Consolata, jirani wa upande wa pili wa barabara, aliyekuwa akiwaachia akina Sabra vyakula mlangoni, alimpa chumba chake cha uani chenye mlango wa peke yake. Bi Mwatumu alikubali, akaivaa barakoa aliyopewa, akaweka kiti nje ukutani kwa Consolata, kikitazama mlango wa mwanawe. Hapo alikaa siku mbili, akiinuka kwa swala na chakula tu. Kila aliyetaka kuugusa mlango wa Nasri alimsikia.

"We baba! Unakwenda wapi?"

"Naenda kumjulia hali Nasri, bibi."

"Hali yake njema. Endelea na safari."

"Bibi, mimi namdai ndoo yangu."

"Mwenye ndoo hafi kwa kukosa ndoo siku mbili. Mimi mzazi sijaingia, uingie wewe?"

Ndani, Sabra alilisikia lile akauficha uso kwenye bega la mumewe. Alichomwa ile sindano ya mwisho kwa saa iliyoandikwa, na Nasri aliyemchoma alifumba jicho moja kana kwamba inamwingia yeye.

Siku ya kumi na nne, asubuhi, Nasri alimfumbisha macho mkewe kwa mara ya mwisho. Sabra alivuta pumzi, na moyo ukamruka: harufu haikuwa ya iliki, wala mdalasini, wala mkono.

"Asumini," alisema. "Lakini sisi hatuna asumini. Umeitoa wapi?"

"Fumbua."

Mkononi mwa Nasri palikuwa na kikuba kidogo, kishada cha maua hayo kilichofungwa kwa uzi, bado kibichi. "Kilikuwa kimefungwa kwenye nondo za dirisha. Sijui mama ameamka saa ngapi. Nimekinawisha, nami nimenawa."

Akakichomeka kwenye ushungi wake, kando ya sikio, vidole vikamkawia shavuni. "Unaogopa?"

"Nataka kujua tu," Sabra alisema. "Nikijua nitaogopa baadaye."

Bajaji ilikuwa inangoja. Nasri angemfuata nyuma kwa baiskeli, na amana yake kwapani, la kulia. Sabra alifungua mlango, mlango ule ambao haukuwa umefunguliwa kwa mgeni kwa siku kumi na nne, akasimama kizingitini. Jua la asubuhi lilimpiga usoni.

Ng'ambo ya barabara Bi Mwatumu aliinuka kitini. Hakusogea. Mikono yake ilikuwa imekamatana mbele, kama mtu anayejizuia. Wakatazamana, mwanamke na mwanamke, katikati yao barabara, vumbi na kuku wa Consolata.

Kisha mama mkwe akavuta barakoa yake vizuri, akainua sauti mtaa mzima ukasikia.

"Hodi!"

Sabra alishika mwimo wa mlango.

"Karibu, mama! Karibu ndani!"

Bi Mwatumu akaitika kwa kichwa, mara moja, akarudi kukaa kwenye kiti chake.

"Siingii," alisema. "Nilitaka kulisikia tu. Haya nendeni, mimi nipo hapa."